Mazungumzo ya Njiani: Namna ya Kuzungumza na Rafiki Habari za Imani

Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mmoja wa wazee wa usharika, katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya usharika wetu



Nilipoletewa barua ya Kamati ya Jubilei ikinitaka nizungumze juu ya namna ya kuanza mazungumzo ya imani na marafiki zetu, nilimwendea Katibu nikamwambia kwamba amebisha hodi katika nyumba isiyo yake. Wapo katika usharika huu watu waliowaleta wengi kwa Bwana. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 34, nimeimba kwaya, nimekaa katika Baraza la Wazee, lakini katika jambo hili nilishindwa. Katibu akanijibu kwamba ndiyo sababu wameniita. Basi nitaanza na kushindwa kwangu, kisha nitasema machache niliyojifunza.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jamaa zake wanaishi kati yetu. Kwa miaka 19 tulitembea pamoja kutoka kijijini hadi shuleni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Ninyi wenyeji wa Singida mnaijua njia ya namna hiyo: mawe makubwa kulia na kushoto, upepo wa kiangazi na vumbi lake, mashamba ya alizeti na mtama, na wakati wa mvua matope yanayong'ang'ania viatu. Katika njia hiyo tulizungumza kila kitu. Tulizungumza mvua, mishahara iliyochelewa, mitihani ya darasa la saba, bei ya vitunguu, Simba na Yanga, watoto wetu, hata yale ya nyumbani ambayo mtu hamwambii mtu. Jambo moja tu hatukulizungumza. Yeye alibatizwa utotoni katika Kanisa hili hili, akapata na Kipaimara, kisha akaacha kuja. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Nasema sikuwahi kumwuliza, lakini sababu niliijua. Alipomzika mtoto wake wa kwanza, mmoja wa waombolezaji, mtu wa Kanisa, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba msiba ule ni malipo ya dhambi za wazazi. Nilikuwapo, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba msibani si mahali pa kubishana. Tangu siku ile rafiki yangu hakukanyaga tena mlango wa Kanisa, nami nikauita ukimya wangu adabu.

Miaka ikapita, akaugua ugonjwa usiopona. Jioni moja nilikwenda kumtazama. Akaniambia: "Mwalimu, tumetembea miaka 19. Kila Jumapili nilikuona ukipita hapa na kitabu chako cha nyimbo. Hujapata kuniambia unaamini nini. Je, uliniona sistahili kuambiwa, au wewe mwenyewe huna hakika?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo mada yangu ya leo. Niliulizwa na mtu niliyedhani kwamba hataki kusikia. Nilivyomjibu nitawaeleza mwishoni. Kwanza naomba tukumbuke jinsi habari hii njema ilivyotufikia sisi wenyewe.

Katika juma hili tumesikia mengi juu ya majengo, kengele, bati na matofali, na ni vema tuyakumbuke, maana watu walijinyima. Lakini kabla ya matofali palikuwa na maneno. Wamisionari wa Leipzig, waliokwisha kuanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walifika Iramba mwanzoni mwa miaka ya 1910, na Ruruma ikawa mojawapo ya vituo vyao. Hawakupata muda mrefu. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na baada ya vita hiyo wamisionari wa Kijerumani walilazimika kuondoka Tanganyika. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kanisa la Augustana la Marekani walikuja kuipokea kazi hii, na kwa juhudi zao na za wenyeji zikajulikana shule ya Kinampanda na hospitali za Kiomboi na Iambi. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Kanisa letu la Tanganyika ya Kati lilikuwa mojawapo ya hayo saba. Ndilo leo Dayosisi ya Kati.

Sasa litazameni pengo lililo katikati ya habari hiyo. Wale waliokuja kwanza wameondoka, na wale watakaokuja baadaye hawajaimarika. Katika sehemu nyingi za Tanganyika zilizokuwa chini ya misioni za Kijerumani, kazi ya Mungu ilibaki mikononi mwa walimu na waamini wenyeji. Hawakuwa na gari wala kipaza sauti. Walikuwa na lugha ya mama, walikuwa na majirani, na walikuwa na jioni ndefu. Wazee waliotulea walitusimulia kwamba Neno lilikwenda kwa miguu: dada alimwambia wifi yake wakichota maji, mchungaji wa ng'ombe alimwambia mwenzake malishoni, mgeni alimwambia mwenyeji wake kwenye moto wa jioni. Wengi wetu tuliomo humu ni matunda ya mazungumzo ambayo hayakuandikwa katika kumbukumbu zozote.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi kwa Wachaga kuanzia mwaka 1902 hadi mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, na kwamba usharika hukua vizuri ukipandwa ndani ya vifungo hivyo. Wapo waliombishia katika mengine. Katika hili nadhani historia yetu wenyewe inamshuhudia.

Wala jambo hili si geni kwa Walutheri. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, ambazo ni sehemu ya maandiko ya ungamo letu, Martin Luther anahesabu njia ambazo Mungu hutumia kutupa Injili yake. Anataja mahubiri, Ubatizo, Ushirika Mtakatifu na mamlaka ya kufungulia dhambi. Kisha anaongeza mazungumzo na faraja ambayo ndugu hupeana wao kwa wao. Fikirini uzito wake: maneno ya ndugu wawili wanaofarijiana yametajwa pamoja na mimbari na madhabahu. Na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa njia rahisi. Luther mwenyewe alijulikana kwa maneno aliyoyasema mezani kwake Wittenberg, wanafunzi na wageni wakiyaandika. Imani ilikuwa na kiti chake pale penye chakula.

Basi, mazungumzo ya namna hii huanzaje? Nitasema mambo manne.

Kwanza, huanza kwa salamu na kusikiliza. Sisi watu wa hapa, kwa Kinyaturu, kwa Kinyiramba na kwa Kiswahili, hatupitani kimya. Tunaulizana habari za nyumbani, watoto, mifugo na mvua. Kosa letu ni kwamba tunauliza habari na hatungoji jibu. Mtu akisema "nzuri" kwa sauti iliyovunjika, tunaendelea na safari. Katika njia ya kwenda Emau, kama asimuliavyo Luka katika sura ya 24, Bwana aliyefufuka aliwakaribia watu wawili wenye huzuni. Hakuanza kwa kuwafundisha. Aliwauliza wanazungumza nini, akawaacha wamweleze habari ambazo yeye alizijua kuliko wao. Walipokwisha kuumimina moyo, ndipo akawafumbulia Maandiko. Ikiwa Bwana aliyejua yote alisikiliza kwanza, sisi tusiojua tuna haraka gani?

Pili, huanza pale tunapokubali kuwa wahitaji. Katika Injili ya Yohana sura ya 4 Yesu yupo kisimani Sikari, amechoka, na neno lake la kwanza kwa mwanamke Msamaria ni kumwomba maji. Alikuwa na kiu ya kweli. Yule mama akawa mwenye kutoa kabla hajawa mwenye kupokea, na mazungumzo yao yakafika mbali hata akauacha mtungi wake, akaenda kuwaita watu wa mji. Sisi mara nyingi humwendea rafiki kama mtu aliyeshiba anayemwendea mwenye njaa. Rafiki huliona jambo hilo, naye hufunga mlango. Mwombe rafiki yako ushauri. Mwombe akusaidie. Mwambie unapoumia. Urafiki wa upande mmoja haubebi maneno mazito.

Tatu, semeni yaliyo yenu. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba, ulilifundisha Kanisa la Afrika Mashariki jambo moja kubwa: mtu kusimama na kusema habari zake mwenyewe, dhambi yake na neema aliyoipata, badala ya kusema habari za jirani. Ushuhuda wa namna hiyo hauhitaji chuo. Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu ushuhuda nao huweza kuzoeleka hata ukawa wimbo wa kukariri, ambao ndani yake kila shida ilikwisha zamani na kila sala ilijibiwa. Rafiki yako anayafahamu maisha yako. Amekuona siku ulipokasirika na siku ulipokosa ada ya mtoto. Ukimwambia kwamba huna mashaka kamwe, hatakuamini, na hata ile sehemu iliyo ya kweli ataitilia shaka. Mwambie na usiku wako pia.

Nne, heshimuni. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ya 1980 na 1990, mihadhara ya dini ilipofanyika katika viwanja vya miji yetu, huku Biblia na Kurani zikitumiwa kama fimbo. Watu walishangilia kama mpirani. Sisemi kwamba hakuna aliyejifunza kitu. Nasema niliona marafiki wakirudi nyumbani bila kusemezana. Katekisimo, katika maelezo ya amri ya nane, inatufundisha kumtetea jirani, kumsema vema na kuyaelewa mambo yake kwa wema. Haikusema jirani Mlutheri peke yake. Naye Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye juu ya tumaini letu, lakini kwa upole. Angalieni kwamba Petro anamtaja mtu anayeuliza. Kazi yetu ya kwanza ni kuishi na watu kwa namna itakayowafanya wasiogope kutuuliza.

Nitoe mfano mdogo. Jirani yangu mwenye duka ni Mwislamu. Kwa miaka mingi tumepelekeana sahani: pilau yake siku ya Idi, na ya kwetu siku ya Krismasi. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, nilimkuta amekaa mlangoni akingoja wakati wa kufuturu. Nikamwuliza, bila hila yoyote, katika saa zile za mwisho za njaa huwa anamwomba Mungu nini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia habari za mama yake mgonjwa. Alipomaliza akaniuliza: "Na ninyi, Mwalimu, ile Kwaresima yenu ni ya nini hasa?" Nikamweleza siku 40, na nikamweleza msalaba kama ninavyouamini. Juu ya msalaba hatukukubaliana, na hadi leo hatukubaliani. Adhana ilipolia alinikaribisha tende. Tangu hapo tumezungumza mara nyingi. Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkristo, naye anajua kwa hakika ninachokiamini, kwa sababu nimemwambia mimi mwenyewe.

Hapa sina budi kuonya. Tusimfanye rafiki kuwa hesabu ya kuandikwa katika taarifa ya mwaka. Tusimpelekee mgonjwa uji ili asikose la kutujibu. Tusimkopeshe mtu fedha kisha tukamdai imani. Anayependwa kwa ajili ya kuhesabiwa hugundua upesi, na huumia kuliko yule ambaye hakupendwa kabisa. Rafiki asipotaka kusikia, abaki rafiki. Mkulima wa mtama hupanda, hupalilia, na hulala usiku. Mvua haitoki mfukoni mwake.

Lakini naogopa kwamba onyo hilo tumelisikia kupita kiasi, tukalifanya maficho. Vijana wangu, ninyi mna simu mikononi, na kila asubuhi mnarushiana mistari ya Biblia katika makundi yenu. Si vibaya. Ila ujumbe uliotumwa kwa watu 200 kwa mara moja haumwulizi mtu yeyote hali yake. Nasi wazee tuna maficho yetu: tunasema kwamba maisha yetu yahubiri yenyewe. Mimi nilisema hivyo kwa miaka 19. Maisha yangu yalihubiri kitu gani? Rafiki yangu aliyaona kila siku, na mwisho aliniuliza kama nina hakika. Matendo yetu huweza kumfanya mtu aulize swali. Jibu bado linahitaji kinywa.

Sasa narudi kwenye jioni ile niliyowaahidi. Aliponiuliza, nilianza kumjibu kama nilivyozoea darasani. Nikataja uumbaji, nikataja anguko la mwanadamu, nikaelekea kwenye manabii. Akainua mkono wake, akasema kwa upole: "Mwalimu, hayo nilifundishwa Kipaimara."

Nikanyamaza. Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya miaka mingi nyuma. Nikamwomba radhi kwa siku ya msiba wa mtoto wake. Nikamwambia kwamba neno lile lililosemwa lilikuwa si kweli, kwamba nilijua si kweli, na kwamba niliogopa kusimama. Akageuzia uso wake ukutani, nami nikangoja. Ndipo nikamsimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Mke wangu alipokuwa katika uzazi mgumu, nilikaa nje ya wodi usiku kucha. Nilitaka kuomba, maneno yakakataa kuja. Kilichobaki kilikuwa Sala ya Bwana niliyokaririshwa utotoni. Nilipofika pale tunapomwomba Mungu mapenzi yake yafanyike, nilikwama. Sikuweza kulisema. Nikarudi mwanzo, nikakwama tena pale pale, tena na tena, hadi alfajiri. Nikamwambia rafiki yangu: "Sikupata jibu usiku ule. Lakini kulipokucha nilijua kwamba sikuwa peke yangu pale nje. Hilo ndilo ninaloliamini. Mengine yote nimeyajenga juu ya hilo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Hilo ungeniambia njiani."

Ndugu zangu, sijasikia hukumu iliyo ya haki kuliko hiyo, wala iliyo na upendo kuliko hiyo. Nilikwenda kwake kila jioni baada ya hapo. Siku nyingine tulizungumza habari za Mungu, siku nyingine tulizungumza mpira. Siku za mwisho aliniomba tuiseme Sala ya Bwana polepole, naye alijiunga katika baadhi ya maneno na katika mengine alinyamaza. Alifariki kabla mtama haujavunwa. Yaliyokuwa kati yake na Mungu siyadai kuyajua. Namwachia Yeye aliyemfahamu tangu ubatizo wake. Ninalolijua ni kwamba tulipewa jioni chache za kusema yale tuliyopewa miaka 19 kuyasema.

Leo tunaingia katika miaka mingine 100. Watakaoiadhimisha hatutawaona. Labda watakuwa na Kanisa kubwa kuliko hili, labda dogo. Lakini kama Neno litawafikia, litawafikia kwa sababu mtu alimwambia mwenzake, kama sisi tulivyoambiwa.

Kila mmoja wetu anaye mtu anayetembea naye. Ni jirani, ni mfanyakazi mwenzake, ni shemeji, ni yule anayekaa naye mnadani au sokoni kila juma. Huenda yeye naye anawaza kama unamwona hastahili kuambiwa, au kama wewe mwenyewe huna hakika. Usingoje hadi umkute kitandani. Kesho asubuhi mtakapoanza safari, mwulize habari zake, na safari hii ungoje jibu.

Mungu aubariki usharika wetu.